Sheria kwa Kiarabu, Kisima kwa Kifaransa: Namna ya Kumpata Mfasiri wa Sekta ya Mafuta na Gesi

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayefungua Gazeti Rasmi la Serikali ya Algeria katika toleo la Kifaransa hukuta kwenye jalada lake maneno mawili: "traduction française", yaani tafsiri ya Kifaransa. Maneno hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kupamba. Yanamjulisha msomaji kwamba alichokishika mkononi ni tafsiri, na kwamba sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiarabu. Sheria inayosimamia shughuli za mafuta na gesi nchini humo, Sheria Na. 19-13 ya tarehe 11 Desemba, 2019, ipo katika hali hiyo hiyo. Ikitokea tofauti kati ya matoleo hayo mawili, kinachotazamwa ni Kiarabu.

Lakini mhandisi aliye kwenye kisima cha Hassi Messaoud, katikati ya jangwa la Sahara, kwa kawaida amesomea kazi yake kwa Kifaransa. Taarifa ya zamu anaiandika kwa Kifaransa, na michoro ya mitambo aliyoirithi kutoka kwa waliomtangulia ina maelezo ya Kifaransa. Mwanasheria wa kampuni hiyo hiyo, aliyeko Algiers, husoma na kutetea kesi kwa Kiarabu. Watu hawa wawili wanafanya kazi chini ya mwajiri mmoja, kuhusu kisima kimoja, na bado wanahitaji mtu wa tatu wa kuwapatanisha. Huyo ndiye mfasiri, na makala haya yanaeleza namna ya kumpata aliye sahihi.

Hali hiyo ina historia. Visima vya mafuta vya Hassi Messaoud na gesi ya Hassi R'Mel viligunduliwa mwaka 1956, Algeria ikiwa bado chini ya utawala wa Ufaransa. Nchi ilipata uhuru mwaka 1962, na tarehe 31 Desemba, 1963 ikaundwa kampuni ya taifa ya Sonatrach. Mwaka 1964 kiwanda cha Arzew, kilicho pwani ya Bahari ya Mediterania, kilianza kusafirisha gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika, kikiwa cha kwanza duniani kufanya biashara hiyo kwa kiwango kikubwa. Tarehe 24 Februari, 1971 Rais Houari Boumédiène alitangaza kutaifishwa kwa rasilimali hizo. Umiliki ulihama kwa tangazo la siku moja, lakini lugha ya kazi haikuhama kwa kasi hiyo. Dola ilijenga mahakama, bunge na shule zake kwa Kiarabu, huku vyuo vya uhandisi vikiendelea kwa Kifaransa. Tunisia na Moroko nazo zina mgawanyo unaofanana na huo, kila moja kwa kiwango chake.

Msomaji wa Tanzania ana sababu za kulifuatilia jambo hili. Kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ndiyo mwanahisa mkubwa katika mradi wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Maurel & Prom, ambayo nayo ni ya Ufaransa, inazalisha gesi Mnazi Bay mkoani Mtwara. Kampuni za namna hiyo zina matawi, wazabuni na wataalamu kutoka Afrika Kaskazini, na nyaraka zao hutembea pamoja nao. Mzabuni wa Kitanzania anayetaka kuingia ubia na kampuni ya Algiers, Tunis au Cairo anaweza kujikuta ameshika cheti cha usajili, hukumu ya mahakama au masharti ya zabuni yaliyoandikwa kwa Kiarabu, ilhali mshirika wake mkuu aliyeko Paris anayataka kwa Kifaransa. Na jijini Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kiarabu na Kifaransa ni miongoni mwa lugha rasmi, na ambako mashauri kutoka Tunisia, kwa mfano, yamewahi kuja na vielelezo vya Kiarabu.

Kabla ya kumtafuta mfasiri, liko swali la kwanza ambalo wengi hulisahau: je, tafsiri hiyo inahitajika kweli? Sheria nyingi za Algeria, Moroko na Tunisia tayari zina toleo la Kifaransa lililotolewa na serikali zenyewe. Kumlipa mtu kuitafsiri upya sheria ambayo ipo kwenye gazeti rasmi ni kupoteza fedha, na ni hatari pia, kwa sababu matokeo yatakuwa na istilahi zisizolingana na zile zinazotumiwa na mamlaka husika. Vilevile mikataba mingi ya mafuta ya nchi za Ghuba huandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, au kwa Kiingereza na Kiarabu sambamba. Aliyeshika nakala ya Kiarabu ya mkataba wa namna hiyo aulize kwanza kama ipo nakala ya Kiingereza na ni ipi kati ya hizo yenye nguvu kisheria. Wafasiri wa Kiingereza na Kifaransa ni wengi kuliko wa Kiarabu na Kifaransa, na gharama zao mara nyingi ni nafuu zaidi.

Ikithibitika kwamba tafsiri inahitajika, linafuata swali la matumizi: itasomwa na nani, na kwa ajili gani? Hapa ndipo mfasiri wa kiapo na mfasiri wa fani wanapotengana.

Mfasiri wa kiapo ni yule aliyekubaliwa na mamlaka ya nchi, akaapishwa, na kupewa muhuri. Nchini Algeria kazi hiyo inasimamiwa na Amri Na. 95-13 ya tarehe 11 Machi, 1995 kuhusu wafasiri na wakalimani rasmi. Moroko ina Sheria Na. 50-00 ya mwaka 2001 kuhusu wafasiri waliothibitishwa mbele ya mahakama. Ufaransa haina taaluma inayojitegemea ya jina hilo. Wafasiri huorodheshwa pamoja na wataalamu wengine wa mahakama katika orodha za mahakama za rufani, chini ya sheria ya tarehe 29 Juni, 1971. Anayeingia mara ya kwanza huwekwa kwa muda wa majaribio wa miaka 3, na akithibitishwa tena hupewa miaka 5. Orodha hizo ni za wazi, na mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye mtandao wa intaneti na kuona nani ameandikishwa kwa Kiarabu.

Muhuri huo una kazi yake. Hukumu ya mahakama ya Algeria inayopelekwa mbele ya hakimu wa Ufaransa haitasomwa kwa Kiarabu. Kwa upande wa pili, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai na Utawala ya Algeria, Na. 08-09 ya tarehe 25 Februari, 2008, inataka katika kifungu cha 8 kwamba nyaraka ziwasilishwe kwa Kiarabu au ziambatane na tafsiri rasmi, la sivyo hazipokelewi. Kampuni yenye madai ya haki kabisa inaweza kukwama mlangoni kwa sababu ya karatasi isiyo na muhuri.

Hata hivyo, muhuri hauthibitishi kwamba mwenye nao anajua kisima cha mafuta ni kitu gani. Unathibitisha kwamba yeye anawajibika kisheria kwa alichokiandika. Wafasiri wengi wa kiapo maisha yao ya kazi hupita kwenye vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa, hati za mirathi na nakala za hukumu, na kwa hayo ni mahodari. Kumkabidhi mmoja wao mwongozo wa kufunga mtambo wa kutenganisha gesi na maji kwa sababu tu ana muhuri ni sawa na kumpeleka daktari wa meno kwenye chumba cha upasuaji wa moyo kwa kuwa naye ana leseni. Kwa nyaraka zilizo nzito pande zote mbili, kwa mfano mkataba wenye viambatisho vya kiufundi, njia iliyo salama ni kuwa na watu wawili: mfasiri wa fani aandae matini, na mfasiri wa kiapo aipitie na kuithibitisha. Kufanya hivyo ni ghali zaidi, lakini kwa maoni ya mwandishi ndiyo njia pekee inayostahili kwa waraka wa namna hiyo.

Neno moja, nchi tatu

Ugumu wa kazi hii hauonekani mpaka mtu atazame maneno yenyewe. Kiarabu cha maandishi ni kimoja kutoka Rabat hadi Muscat, lakini Kiarabu cha sheria na viwanda hakikuzaliwa mahali pamoja. Kila nchi iliunda istilahi zake kwa kutazama lugha ya kigeni iliyokuwa jirani nayo: Afrika Kaskazini ilitazama Kifaransa, Misri ilichanganya vyote viwili, na nchi za Ghuba zilitazama Kiingereza.

Chukua neno "mahruqat". Mzizi wake ni ule wa kuungua. Nchini Lebanon na Syria, "mahruqat" ni mafuta yanayouzwa vituoni, yaani petroli, dizeli na mafuta ya kupashia nyumba joto. Kwa Kifaransa mtu angeandika "carburants" au "combustibles". Nchini Algeria na Tunisia neno hilo hilo katika sheria lina maana ya haidrokaboni zote, mafuta ghafi na gesi asilia zikiwa bado ardhini, yaani "hydrocarbures". Tofauti hiyo si ndogo. Leseni ya kutafuta "hydrocarbures" inampa mtu haki ya kuchimba kisima. Leseni ya "carburants" inampa haki ya kufungua kituo cha mafuta.

Sasa ongeza neno "majalla". Kwa Mmisri au Msaudi, "majalla" ni jarida, lile la kusoma. Kwa Mtunisia, katika lugha ya sheria, "majalla" ni kitabu cha sheria zilizokusanywa pamoja. Hivyo "Majallat al-Mahruqat", iliyotungwa kwa Sheria Na. 99-93 ya tarehe 17 Agosti, 1999, ni Kanuni ya Haidrokaboni ya Tunisia. Mfasiri aliyesomea Beirut na asiyewahi kuishughulikia Tunisia anaweza kuligeuza jina hilo kuwa jarida la mafuta ya magari, akalala usingizi mzuri. Algeria husema "qanun" pale Tunisia inaposema "majalla", na Moroko ina "mudawwana" kwa baadhi ya sheria zake, ikiwamo ile ya kazi.

Mfano wa tatu unagusa fedha moja kwa moja. Katika zabuni za serikali ya Misri, chini ya Sheria Na. 182 ya mwaka 2018, dhamana anayoiweka mshindi wa zabuni ili kuhakikisha anatimiza mkataba huitwa "ta'min niha'i". Katika matini nyingi nyingine za Kiarabu, "ta'min" ni bima. Asiyejua zabuni za Misri ataandika "assurance finale", bima ya mwisho, kitu kisichokuwapo. Mzabuni atakwenda kwa wakala wa bima badala ya benki, na tarehe ya mwisho itapita. Moroko huiita dhamana hiyo "al-daman al-niha'i", na Kifaransa chake cha kisheria ni "cautionnement définitif". Algeria hutumia "kafalat husn al-tanfidh", ambayo kwa Kifaransa ni "caution de bonne exécution". Sisi wa Kiswahili tuna dhamana na tuna bima, na tunazitofautisha bila shida. Huenda ndiyo maana Mswahili aliyejifunza Kiarabu huteleza hapa kwa urahisi: akiona "daman" anadhani amefika nyumbani.

Upande wa kiufundi nao una mitego yake. Neno la Kiarabu "simam" ni vali ya aina yoyote. Kifaransa hakina neno moja la jumla linalotumika hivyo. Vali ya kufungua na kufunga njia ya bomba ni "vanne". Ile ya usalama, inayofunguka yenyewe shinikizo likizidi, ni "soupape". Ile inayozuia kimiminika kisirudi kilikotoka ni "clapet". Matini ya Kiarabu ikisema "simam" tu, mfasiri hawezi kuchagua neno la Kifaransa bila kujua vali hiyo ipo wapi kwenye mtambo na inafanya kazi gani. Anayejua kazi yake atauomba mchoro. Asiyejua ataandika "vanne" kila mahali, na fundi aliyeambiwa afunge "vanne" ataielekea vali ambayo siyo. Katika sekta ambayo gesi huvuja bila kuonekana, kosa hilo halisubiri kikao cha tathmini. Mlipuko katika kiwanda cha gesi cha Skikda, Algeria, tarehe 19 Januari, 2004 uliua watu 27. Lugha haikuwa sababu ya ajali hiyo, lakini idadi hiyo inaonesha aina ya mahali ambapo karatasi hizi husomwa.

Tarehe na tarakimu zinastahili aya yao. Mwezi wa Agosti huitwa "ut" nchini Algeria na Tunisia, "ghusht" Moroko, "aghustus" Misri na "ab" Lebanon. Saudi Arabia hutumia pia kalenda ya Hijria, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa takriban siku 11. Afrika Kaskazini huandika tarakimu tunazozitumia sisi, ilhali Misri na Mashariki ya Kati hutumia zile ambazo sifuri ni nukta na tano ni duara linalofanana na sifuri yetu, huku sita ikifanana na saba. Nakala iliyofifia kwenye mashine ya kutolea kivuli inaweza kuifuta nukta, na shinikizo la 50 likabaki 5. Mfaransa huandika 1,250 akiwa na maana ya moja na robo, wakati nasi tunaisoma elfu moja mia mbili na hamsini. Dinari ya Tunisia hugawanywa katika milimu 1,000, hivyo tarakimu tatu baada ya mkato ni jambo la kawaida katika hesabu zake. Tena bilioni yetu ni "milliard" kwa Kifaransa na "milyar" kwa Kiarabu, na neno la Kifaransa "billion" ni kubwa kuliko hiyo mara elfu moja.

Mahali pa kumtafuta

Baada ya orodha za mahakama zilizotajwa, chanzo cha pili ni vyuo. Shule ya Juu ya Tafsiri ya Mfalme Fahd iliyoko Tangier, Moroko, iliyoanzishwa miaka ya 1980, imejengwa juu ya jozi hii hasa ya Kiarabu na Kifaransa. Beirut ina shule ya wafasiri na wakalimani katika Chuo Kikuu cha Saint-Joseph, iliyoanza mwaka 1980. Paris ina ESIT, iliyoanzishwa mwaka 1957, ambako Kiarabu ni mojawapo ya lugha zinazofundishwa. Kwa upande wetu wa bara, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Ain Shams cha Cairo ni miongoni mwa vyuo vilivyoungana katika mpango wa shahada ya uzamili ya ukalimani na tafsiri barani Afrika. Barua fupi kwa ofisi ya chuo, ikieleza fani na ukubwa wa kazi, mara nyingi huleta majina bora kuliko tangazo la jumla.

Vyama vya kitaaluma ni njia ya tatu. Chama cha Wafasiri cha Ufaransa, SFT, kilichoanzishwa mwaka 1947, kina orodha inayomwezesha mtafutaji kuchagua kwa lugha na kwa fani. Kwa wakalimani wa mikutano kipo chama cha kimataifa cha AIIC, cha mwaka 1953. Itakumbukwa kwamba mfasiri hushughulika na maandishi na mkalimani hushughulika na mazungumzo. Aliye hodari kwa moja si lazima awe hodari kwa jingine, na kumwita mfasiri wa nyaraka aje kukalimani kikao cha majadiliano ya bei ni kumwonea.

Njia ya nne, ambayo wengi huidharau, ni kuwauliza wahandisi wenyewe. Kila kampuni kubwa ya Algiers au Tunis ina mtu mmoja ambaye mafundi wanamjua kwa jina kwa sababu tafsiri zake hazirudishwi. Wengine ni wahandisi wastaafu waliosomea Kifaransa na kulelewa kwa Kiarabu. Hawana cheti cha tafsiri, na bado ni hazina. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinawapa nafasi watu wa namna hiyo. Kinamkubali mwenye shahada ya tafsiri, kinamkubali mwenye shahada ya fani nyingine akiwa na uzoefu wa miaka 2 ya kazi ya kutafsiri kwa muda wote, na kinamkubali mwenye uzoefu wa miaka 5 wa namna hiyo. Kiwango hicho pia kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili anayezijua lugha zote mbili. Anayeagiza kazi kwa kampuni ya tafsiri aulize jina la mpitiaji huyo. Jibu likichelewa, huenda hayupo.

Ukishapata majina matatu au manne, ni vyema kuwapa jaribio. Maneno 250 hadi 300 yanatosha, na yalipwe, kwa kuwa jaribio ni kazi kama kazi nyingine. Yachukuliwe kutoka kwenye waraka wenyewe na si kutoka magazetini, na yachaguliwe mahali penye mtego: kifungu chenye "simam" isiyoelezwa, tarehe ya kienyeji, jedwali lenye vipimo. Kinachopimwa si ufasaha wa Kifaransa pekee. Tazama maswali aliyouliza. Mfasiri wa fani hurudisha jaribio likiwa na maswali mawili au matatu ya maana. Aliyerudisha ukurasa safi usio na swali hata moja, kutoka kwenye matini yenye utata, ama ana kipaji cha ajabu ama amekisia. Jaribio lisomwe na mhandisi anayetumia Kifaransa kazini, wala lisiishie kwa ofisa wa manunuzi.

Uelekeo wa tafsiri uchunguzwe pia. Tarehe 22 Novemba, 1976 Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi ulipitisha Pendekezo kuhusu ulinzi wa kisheria wa wafasiri na tafsiri, ambalo pamoja na mambo mengine linashauri kwamba mfasiri, kadiri inavyowezekana, atafsiri kuelekea lugha yake ya mama au lugha anayoimudu kwa kiwango hicho. Mtu anayejitangaza kuwa ni wa "Kiarabu na Kifaransa" aulizwe ni kwenda wapi na kutoka wapi. Wako wengi wanaotafsiri vizuri sana kwenda Kiarabu, ambao Kifaransa chao cha maandishi kinasomeka lakini hakisimami mbele ya mwanasheria wa Paris.

Kuhusu malipo, jambo la kukubaliana mapema ni kama maneno yatahesabiwa kwenye matini chanzi au kwenye matini lengwa. Kiarabu hubana viambishi vingi katika neno moja, kama kifanyavyo Kiswahili. Neno letu "nitamwandikia" ni moja, na kwa Kifaransa ni "je lui écrirai", maneno matatu. Kwa sababu hiyo Kifaransa kinachotokana na Kiarabu huwa na maneno mengi zaidi, na ankara inayotegemea matini lengwa inaweza kumshangaza mlipaji. Wafasiri wa kiapo kwa kawaida hutoza kwa ukurasa. Kuhusu muda, mtu mmoja anayefanya kazi ya kiufundi kwa uangalifu hutoa takriban maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Anayeahidi maneno 10,000 kufikia kesho ama atagawa kazi kwa watu watano ambao hawajaonana, ama ataiingiza kwenye programu ya kompyuta.

Programu hizo zina manufaa yake kwa kupata picha ya jumla ya waraka, lakini zina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba baadhi yake hupitisha Kiarabu kwenye Kiingereza kabla ya kufika Kifaransa. "Simam" ikishakuwa neno moja la Kiingereza, tofauti za Kifaransa hazirudi tena. Wa pili ni usiri. Maandishi yaliyobandikwa kwenye huduma ya bure ya mtandaoni yameshatoka mikononi mwa mwenye nayo. Bei za zabuni, takwimu za miamba na majina ya wafanyakazi si vitu vya kubandika huko. Kwa taasisi na kampuni zilizopo Tanzania, majina hayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata kama waraka wenyewe umeandikwa kwa Kiarabu. Mkataba na mfasiri ueleze wazi zana atakazotumia, mahali atakapohifadhi faili na lini atazifuta.

Mpangilio wa kurasa usiachwe hadi dakika ya mwisho. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na safu ya kwanza ya jedwali huwa kulia. Jedwali linapogeuzwa kuwa la Kifaransa safu hupinduliwa, na mara nyingine vichwa vya safu hupinduka lakini tarakimu zikabaki palepale. Mtu akague jedwali moja moja, akiwa na matini zote mbili mezani.

Kabla kazi haijaanza, mwagizaji ampe mfasiri kila alichonacho: michoro, tafsiri za zamani, toleo rasmi la Kifaransa la sheria inayotajwa, na jina la mhandisi wa kumpigia simu. Kwa istilahi zenye ubishi, Ofisi ya Uratibu wa Uarabishaji iliyoko Rabat, iliyoanzishwa mwaka 1961 na ambayo sasa iko chini ya shirika la elimu na utamaduni la Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, imechapisha kamusi za pamoja zinazoonesha Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza kwa fani mbalimbali. Kamusi hizo husaidia, ingawa sheria ya nchi husika ndiyo inayoshinda pale zinapotofautiana nayo. Mwisho wa kazi, mkataba uwe umesema kwamba pamoja na tafsiri mfasiri atakabidhi orodha ya istilahi alizozitumia, kila moja ikiwa na nchi inakotumika. Orodha hiyo ibaki mali ya mwagizaji na ihifadhiwe pamoja na waraka, kwa kuwa atakayetafsiri kiambatisho cha pili mwakani anaweza asiwe mtu yule yule.